Jina Moja kwa Mama Renfro

Mlango uliogongwa wiki iliyopita niliufungua, na mpaka leo natamani nisingeufungua.

Nje alisimama mama mmoja mfupi, mnene kiasi, nywele zake za mvi amezibana kwa kibanio cha plastiki. Mikononi alikuwa na bakuli la kuokea lililofunikwa kwa foili. Alilishika kwa taulo, maana lilikuwa bado la moto.

"Wewe ndiye Luteni Batiste?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Wanda Renfro. Mama yake Cody."

Nilibaki nimeshika kitasa.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, acha nimweke sawa haraka, maana mama wa watu amesimama mlangoni vidole vinaungua.

Naitwa Noreen Batiste, luteni wa manowari Pruitt, bandari yetu ni hapa Norfolk, Virginia. Asubuhi moja ya ukungu, tukiwa tunarudi nyumbani, mimi ndiye nilikuwa ofisa wa zamu. Yaani meli nzima na wote waliolala chini walikuwa mikononi mwangu mpaka nipokelewe. Kwenye rada ikatokea meli ya makontena, inakuja kutoka kushoto. Kanuni inasema chombo kikikaribia vile, nahodha aitwe. Sikumwita.

Kwa nini? Kwa sababu juzi yake Nahodha Haddix alinishushua mbele ya mabaharia. "Batiste, utaniita kwa kila mtumbwi? Ukiona nyangumi utataka nije nimsalimie?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Basi asubuhi ile nikasema moyoni, leo simwiti mtu, nitalimaliza mwenyewe.

Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo niamuru injini zirudi nyuma, nahodha akaingia mwenyewe. Alikuwa ananyoa ndevu, nusu ya uso ni povu. Akaiona pua ya ile meli inatoka kwenye ukungu, kubwa kama ghorofa, akampigia kelele mshika usukani: "Kulia! Kulia kabisa!"

Tukageuka kulia. Kugeuka kule kukampa yule mgeni ubavu wetu wa kushoto, naye akauingia. Nyuma ya ubavu ule ndiko walikolala vijana waliotoka zamu. Cody Renfro, miaka kumi na tisa, hakutoka.

Sasa nisikilize hapa, maana kesi yote imelala hapa. Kwetu sisi, nahodha akimwambia mshika usukani neno moja tu la kugeuza meli, meli imeshakuwa yake. Haombi, hasaini popote. Na ni kazi ya ofisa wa zamu kutangaza palepale, chumba kizima cha usukani kisikie: "Nahodha ameshika meli." Likitangazwa, linaandikwa. Mimi nilinyamaza. Sijui ilikuwa hofu, aibu au hasira ya yale ya nyangumi. Nilinyamaza tu, na kwenye kumbukumbu za meli, aliyeishika mpaka mwisho ni Batiste.

Nahodha aligonga kichwa, akazinduka hakumbuki kitu. Mshika usukani, kijana wa Kisamoa aitwaye Leota, alipoulizwa ni nani aliyesema kulia, akajibu alisikia "kulia" tu, sauti hakuitambua. Sauti ya nahodha wake, anayemkaripia kila asubuhi, hakuitambua. Haya.

Tangu hapo mambo yangu mnayajua. Nimeshushwa melini, nimetupwa ghalani nakagua makoti ya kuokolea watu majini. Mchumba wangu Emmett amenivunjia uchumba kwa ujumbe wa simu akiwa uwanjani anaangalia mpira. Na mchana wa siku ile ile mlango ulipogongwa, wakili niliyepewa na jeshi, Kamanda Pryor, alinikuta nakula sandwichi akaniletea jambo.

"Kesho kwenye baraza la uchunguzi," aliniambia, "utasema meli ilikuwa yako na kugeuka kulikuwa kwako. Ofisa kijana, ukungu, kosa la maamuzi. Utapewa karipio la maandishi, utaacha jeshi kimyakimya. Nahodha atanyang'anywa meli, hilo halina dawa, lakini atastaafu na cheo chake. Hakuna atakayefungwa."

"Na nikisema ukweli?"

"Upi? Kwamba aliishika yeye na wewe hukutangaza? Hapo mtakwenda wote wawili. Yeye kwa kugeuza, wewe kwa kutomwita na kwa kunyamaza. Mahakama ya kijeshi, Noreen. Pale watu hutoka na pingu."

"Nani kayapanga haya?"

"Wakubwa," alisema Pryor, akachukua chipsi yangu akaila.

Nilikubali. Msinitukane bado. Nilikubali.

Haya, turudi mlangoni.

"Naomba niingie," alisema Mama Renfro. "Litanianguka hili."

Nilimpisha. Aliliweka bakuli juu ya jiko, akafunua. Makaroni ya jibini, juu yamekauka vizuri yakawa kahawia. Kwa sisi watu wa kusini mwa Marekani, msiba ukitokea ni majirani wanaopika wakapeleka kwa waliofiwa. Huyu aliyefiwa ndiye aliyepika akaniletea mimi. Sikujua niweke wapi uso wangu.

"Hotelini kwangu kuna kajiko," alisema. "Siwezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Mama yangu angefufuka anichape. Una sahani?"

"Mama, sistahili..."

"Nimekuuliza sahani."

Nikatoa sahani. Alinipakulia mimi kwanza. Nikala, ningefanyaje. Yalikuwa matamu.

"Cody alikuwa analimaliza hili bakuli peke yake," alisema. "Ulimfahamu?"

"Nilimfahamu. Akipaka meli rangi alikuwa anaimba."

"Vibaya, sivyo?"

"Vibaya sana, mama."

Akacheka, kicheko cha kweli. Kilipokatika akaweka uma chini, akajifuta mikono kwa taulo, na nikajua sasa tumefika.

"Mimi nafanya kazi kiwanda cha kuku, kule Arkansas," alianza. "Nakagua. Kuku wakipita mbele yangu, namba yangu inagongwa kwenye boksi. Mtu akilalamika huko Chicago kwamba kuku wameoza, wanaangalia boksi, wanasema hii ni namba ya Wanda. Naitwa ofisini, nakwenda, najibu. Kuku, mwanangu. Kuku ana mtu wa kuulizwa."

Nilikuwa natazama sahani.

"Nimekuja hapa Norfolk nimemuuliza kila mwenye nyota begani. Nani alikuwa ameishika hiyo meli mwanangu alipokufa? Wananiambia uchunguzi unaendelea. Wengine wananiambia ni mfumo, ni uchovu, ni mafunzo. Mmoja alinipa kadi ya mshauri nasaha. Mimi sitaki mfumo. Nataka jina. Moja tu. Silipeleki gazetini, sililaani. Nataka niwe nalo, basi, niache kuwachukia watu wote waliovaa sare nyeupe."

"Mama Renfro, kwa taratibu zetu..."

"Usianze na wewe."

Nikainua macho. Ningeweza kumtajia jina la Haddix. Ningekuwa nimesema kweli, na ningelala. Lakini kesho yake nilitakiwa kusema Batiste mbele ya Admirali anayeongoza baraza, na mama huyu angekuwa amekaa nyuma yangu anasikia. Ningekuwa nimempa majina mawili, kila siku na lake.

Na kuna jingine, nalo nalisema wazi. Sehemu moja ya moyo wangu ilitaka kulisema. Kila nikifumba macho naiona ile rada, naiona simu ya kumwitia nahodha ikiwa pale ukutani, na mkono wangu hauendi. Nilikuwa nimechoka kuwa uchunguzi unaoendelea.

"Mimi," nilisema.

"Wewe nini?"

"Meli ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeamuru igeuke kulia. Jina unalolitafuta ni Noreen Batiste."

Nikasubiri kofi. Nilifumba macho kabisa nikalisubiri. Heri lingekuja.

Nikasikia kiti kinasogea. Mama Renfro alizunguka meza, akanishika shavu kwa kiganja chake kikavu, kilichojaa makovu madogo ya kisu.

"Asante," alisema. "Tangu tumzike, wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu."

Alilia, nami nikalia, kila mmoja kwa lake. Alipoondoka aliniachia bakuli na makaroni yaliyobaki. Alisema nitamrudishia kesho, baraza likiisha.

Nimeshatukanwa, nimeshashushwa melini, nimeshaachwa kwa simu. Vyote hivyo nilivibeba. Ile asante ndiyo iliyonifunga.

*

Asubuhi nilivaa sare nyeupe, viatu vinang'aa, tumboni hakuna kitu. Niliegesha gari nyuma ya jengo la baraza. Bakuli la Mama Renfro lilikuwa kwenye kiti cha abiria, nimeliosha vizuri, nimelifunga na mkanda lisianguke.

Dirisha likagongwa. Siku hizi kila kitu changu kinagongwa.

Alikuwa Nahodha Haddix. Kwenye kidevu amebandika kipande cha karatasi chenye damu, kajikata na wembe. Pryor alikuwa ameniambia hata salamu nisimpe huyu mtu. Nikateremsha kioo.

"Afande, haturuhusiwi kuongea."

"Batiste, nimekumbuka."

"Umekumbuka nini?"

"Nilikuwa nanyoa sasa hivi. Povu likaniingia mdomoni. Ile ladha ya sabuni." Alijishika shavu. "Nikasimama pale kama mjinga. Nikajua hii sabuni nimewahi kuila. Niliila siku ile, nilipofungua mdomo nikasema kulia. Nimeiona mpaka shingo ya Leota mbele yangu. Ni mimi niliyesema, Batiste."

Tangu ajali nilikuwa namwomba Mungu mtu huyu akumbuke. Nimeomba kwenye gari, nimeomba bafuni, nimeomba katikati ya makoti ya kuokolea. Amekumbuka leo.

"Afande, nakuomba," nilisema. "Liache lilale."

"Lilale vipi? Niliishika mimi. Ulikuwepo, unajua."

"Nilikuwepo na sikutangaza. Ukisema uliishika wewe, swali la pili ni kwa nini Batiste hakutangaza. La tatu ni kwa nini hakukuita mapema. Yamekwisha kupangwa, afande. Mimi nalibeba, wewe unastaafu, hakuna anayefungwa."

"Nani kayapanga?"

Nikamtazama usoni kama ananifanyia mchezo. Hakuwa anacheza. Hakuna aliyemwambia chochote.

"Wakubwa."

"Bila kuniuliza mimi?"

"Ulikuwa hukumbuki kitu. Wangekuuliza nini?"

Aligeuka, akatembea kidogo, akarudi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. "Siku ile nilipokabidhiwa meli nilisimama mbele ya mke wangu na mama yangu nikasema meli hii ni yangu, niwe macho, niwe nimelala, niwe chooni. Leo nijifiche nyuma ya binti ninayeweza kumzaa?"

"Ungeyakumbuka hayo uliponifanya kichekesho kwa kukuita." Yalinitoka yenyewe, na yalipotoka hayakurudi. "Nyangumi, afande. Uliniuliza kama nataka umsalimie nyangumi."

Nikaona uso wake unaanguka, nikamhurumia, nikajichukia kwa kumhurumia.

"Ndiyo sababu hukuniita?" aliuliza.

Nikatazama usukani wa gari.

"Nitalisema na hilo," alisema taratibu.

"Ukilisema utakuwa umenimaliza. Watajua nilifahamu napaswa kukuita nikakaidi."

"Na nisiposema, itakuwaje? Cody Renfro alikuwa baharia wangu."

"Mama yake nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Jana. Alikuja kwangu tukala pamoja."

Haddix alitazama lile bakuli lililofungwa mkanda, kisha akanitazama mimi. "Umemdanganya mama aliyefiwa, mezani kwako."

"Mlitaka niseme hivyohivyo kwa Admirali."

"Sikutaka mimi. Alisema nini?"

"Alisema asante."

Nahodha alifumba macho. "Basi ndiyo kabisa siwezi kunyamaza," alisema.

"Habari za asubuhi," sauti ikasema nyuma yake. "Habari zenu nyote wawili."

Alikuwa Kamanda Lund, mwendesha mashtaka, mwanamke mrefu mwenye kikombe cha kahawa na tabasamu dogo. Alituangalia mmoja mmoja, akaliangalia gari langu, akaendelea na safari yake ya mlangoni bila haraka.

Wakili wangu Pryor alitokea anakimbia, kofia mkononi. Nahodha alishaanza kuondoka.

"Niambie Lund hakuwaona," alisema Pryor.

"Ametusalimia."

"Mungu wangu. Sasa mtu huyu akitamka lolote la kukusaidia, ataambiwa mmelipika hapa kwenye maegesho."

"Anataka kusema aliishika yeye. Amekumbuka."

Pryor alikaa juu ya pua ya gari langu na suruali yake nyeupe. "Amekumbuka leo," alisema. "Sawa. Ukiitwa wewe kwanza, sema yako upesi kama tulivyopanga, funga mdomo, kaa."

"Na akiitwa yeye kwanza?"

Alivaa kofia yake.

*

Aliitwa yeye kwanza.

Admirali alikuwa mzee mkavu anayesikiliza kwa kufumba macho, ukidhani amelala. Leota alikaa pembeni anaangalia viatu vyake. Mama Renfro alikaa mstari wa mbele, nyuma yangu kabisa, amevaa gauni la bluu la kanisani. Nilipoingia aliniinamishia kichwa kama tunavyosalimiana na ndugu.

Nahodha Haddix aliapa, akakaa, hakungoja swali.

"Niliishika meli mimi," alisema. "Nilimwamuru mshika usukani ageuke kulia. Kwa kanuni zetu, tangu neno lile meli ilikuwa yangu. Na jambo lingine. Luteni Batiste hakuniita kwa sababu nilimfundisha asiniite. Nilimcheka mbele ya watu wake. Makosa hayo ni yangu pia."

Ukumbi ulinong'ona. Mimi, nakiri, nilisikia raha. Raha ya aibu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana katikati ya msiba. Haikudumu.

Kamanda Lund aliinuka. "Nahodha, maelezo yako ya kwanza ulisema hukumbuki kitu."

"Ndiyo."

"Umekumbuka lini?"

"Leo asubuhi."

"Ukiwa wapi?"

"Nanyoa ndevu."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi cha kicheko.

"Na baada ya kunyoa, kabla ya kuingia hapa, uliongea na nani?"

Haddix aligusa kile kipande cha karatasi kidevuni. "Na Luteni Batiste. Kwenye maegesho."

"Mliongea nini?"

"Nilimwambia nimekumbuka. Akaniomba nisiseme."

"Akakuomba usimwokoe," alisema Lund. "Mshtakiwa wa ajabu huyo."

Sasa kicheko kilikuwa cha wazi. Nilihisi masikio yanawaka moto. Kitu cha kweli kabisa, kimesemwa na mtu mkweli kabisa, na kilinuka uongo chumba kizima.

Admirali alifumbua macho. "Nahodha, unaelewa kwamba unajipeleka jela?"

"Naelewa, afande."

"Kwa neno ambalo halikutangazwa, na ambalo hakuna aliyelitambua ni la nani."

"Luteni alilitambua. Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka kwangu. Chini ya meza Pryor alinikanyaga mguu kwa nguvu, na sikujua ananikanyaga niseme au nisiseme.

"Luteni Batiste," alisema Admirali. "Simama."

Nilisimama. Nikijibu ndiyo, aliishika nahodha, tunakwenda mahakamani wote wawili, na mama aliye nyuma yangu anasikia kwamba nilimwangalia machoni nikamdanganya akiwa amenipakulia chakula. Nikijibu hapana, niliishika mimi, nimemfanya mzee huyu mwongo wa kiapo, yeye aliyejileta mwenyewe. Nilitafuta mahali pa kuweka macho nikakosa.

"Luteni, nani alikuwa ameishika meli?"

Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu.

"Samahani," ilikuwa sauti ya Mama Renfro. "Naona mnamtesa bure huyu mtoto."

"Mama, tafadhali kaa," alisema Admirali.

"Nitakaa nikimaliza." Hakuwa anapiga kelele. Alisema kama anayemweleza mtu njia. "Nahodha, naona wewe ni mtu mzuri. Unataka kumkingia binti. Watoto wa watu lazima tuwakingie, najua. Lakini mimi wangu hakukingiwa. Sikuja hapa kutafuta mtu mzuri, nimekuja kutafuta aliyefanya. Na aliyefanya ameshaniambia mwenyewe, jana, nyumbani kwake, bila mtu kumshika shati."

Hakuna aliyekohoa tena. Lund aliweka kikombe chake chini.

"Alikwambia maneno gani, mama?" aliuliza kwa upole sana.

"Kwamba meli ilikuwa yake. Kwamba yeye ndiye aliyeamuru igeuke."

"Napinga," alisema Pryor, amesimama. "Huyu mama si shahidi wa baraza hili."

"Bado," alisema Lund. "Mama Renfro, uko tayari kuyasema hayo kwa kiapo?"

"Nimetoka Arkansas kwa basi. Unadhani nilifuata nini?"

"Keti, Kamanda Pryor," alisema Admirali.

Pryor alikaa. Alininong'oneza sikioni, na sauti yake ilikuwa haina tena maringo yoyote. "Ulimwambia? Ulimwambia nje ya makubaliano? Noreen, lile karipio lilikuwa la kukiri humu ndani, kwa masharti yetu. Ulichomwambia mama huyu hakina masharti. Huko ni kukiri umeua."

"Sikuua," nilimnong'oneza.

"Basi ulimdanganya. Chagua, maana kiti cha shahidi wanakivuta sasa hivi."

Kweli walikuwa wanakivuta. Nahodha Haddix aliambiwa apishe. Alisimama kando ya ukuta, karatasi ya damu bado kidevuni, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja nifungue mdomo, kama chumba kizima cha usukani kilivyongoja nitangaze asubuhi ile, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa vilevile.

Mama Renfro alitoka kwenye mstari wake, mkoba kwapani. Alipofika kwangu alisimama. Aliinyoosha kola yangu iliyokuwa imekunjika, akaipapasa ikalala vizuri, akaniinamia.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Nakwenda tu kuwaambia jinsi ulivyo mkweli."